Mwanangu wa miaka 14 anataka nimpakie kwenye pikipiki, baba yake hataki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Nina pikipiki ya cc 150 ambayo ndiyo usafiri wangu wa kwenda na kurudi kazini, mwaka wa tatu sasa. Leseni ninayo na sijawahi kuanguka. Ila siku zote naendesha peke yangu. Sanasana nafunga mzigo mdogo nyuma. Mtu sijawahi kumpakia.

Mwanangu wa kwanza, mvulana, ana miaka 14. Zamani pikipiki yangu hata haikumshughulisha, lakini miezi hii hanipi nafasi ya kupumua: "Mama, nipakie. Mama, lini?" Shangazi, kusema kweli hata mimi natamani. Ameingia ule umri wa kunikwepa. Akirudi shule anajifungia chumbani, nikimuuliza jambo ananijibu neno moja. Hiki ndicho kitu pekee ambacho ameniomba tufanye pamoja, mimi na yeye.

Baba yake hataki kusikia. Mdogo wa mume wangu alivunjika mguu kwenye ajali ya pikipiki, naye alikuwa amepakiwa tu. Aliniambia, "Wewe umeshachagua lako, mtoto muache." Tulijibizana na mtoto alikuwa sebuleni, akasikia yote.

Kilichonifanya nikuandikie ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka 19, naye ana pikipiki. Amemwambia mwanangu kwamba mama akiendelea kukuzungusha, nitakupakia mimi. Huyo kijana nimeshamwona barabarani, helmeti ameitundika kwenye kiwiko.

Nilikuwa nafikiria wikendi moja nimpeleke kwa bibi yake, kama kilomita 60 hivi, barabara kuu yote ni lami. Atavaa helmeti yangu ya zamani. Jambo lingine dogo: mwanangu amenipita urefu, na uzito tunakaribiana, mimi kilo 57 na yeye 60.

Je, nakosea kutaka kumpakia? Na kama sikosei, nianzie wapi?

Mama Aliye Njia Panda

*

Marahaba, mwanangu.

Kutaka hukosei. Ila safari uliyoipanga haifai kuwa ya kwanza, na helmeti hiyo ya zamani iache kabatini. Naendesha pikipiki na nimepakia wanangu, kwa hiyo jibu langu litakuwa refu kidogo, nivumilie.

Nianze na hilo uliloliita jambo dogo, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote. Pikipiki nyingi za cc 150 zina uzito wa kilo 120 hadi 150. Siku zote umeizoea ikiwa imekubeba wewe, kilo 57. Siku utakayompakia, nyuma yako kutakuwa na mtu mzito kukushinda, tena mrefu, amekaa juu kuliko wewe. Hiyo haitakuwa pikipiki unayoijua. Itaondoka kwa uzito, itachelewa kusimama, mbele itakuwa nyepesi mkononi, na taa itanyanyuka imulike machoni mwa wanaokuja. Ukisimama kwenye mataa na mguu mmoja chini, akageuka ghafla kutazama kitu, utaisikia pikipiki nzima ikimfuata alikogeukia. Hapo ndipo unapoweza kuanguka hata kabla safari haijaanza, pikipiki ikiwa imesimama.

Kwa hiyo mwanafunzi wa kwanza ni wewe. Fungua kitabu cha pikipiki yako uangalie mzigo wa juu unaoruhusiwa, pamoja na kiasi cha upepo wa tairi la nyuma unapobeba abiria. Mara nyingi ni zaidi ya ule wa kuendesha peke yako. Shokapu za nyuma kama zinarekebishika, mwombe fundi azikaze kidogo, kisha mrudishe taa ya mbele ishuke. Halafu tafuta mtu mzima ambaye naye anaendesha pikipiki, mwenye uzito unaokaribia wa mwanao, akae nyuma yako. Nendeni uwanja mtupu. Fanya mazoezi ya kuondoka, kusimama, kugeuza kwa mwendo wa kutambaa, na kushika breki kwa nguvu ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa. Utagundua breki ya nyuma, ambayo ukiwa peke yako huigusi sana, sasa inakamata vizuri, kwa sababu tairi la nyuma limekandamizwa na uzito. Utagundua pia kwamba kusimama lazima ukuanze mapema kuliko ulivyozoea, na kwamba miguu yote miwili chini ni bora kuliko mmoja.

Kuna mlio mmoja utakaokufundisha kuliko maneno yangu. Ukibadilisha gia kwa pupa, au ukishika breki kwa kushtukiza, helmeti ya aliye nyuma itagonga ya kwako, ko! Abiria hana kosa. Wewe ndiye umemrusha mbele, kwa sababu hakujua unachotaka kufanya, na mwili wake hauna usukani wa kushikilia. Endelea kufanya mazoezi mpaka mkae muda mrefu bila kugongana. Mkono wa mafuta ufunguke polepole, klachi iachiwe taratibu, breki ianze kwa kuguswa ndipo ikazwe. Yule mtu mzima akikwambia amekaa kwa raha, hapo ndipo tuanze kumzungumzia mtoto.

Sasa mume wako. Sikubaliani na wazo la kumshinda kwa maneno, na ninakuomba sana usimpakie mtoto kwa siri. Ukifanya hivyo mtoto atajifunza kwamba pikipiki ni jambo la kufichwa, na somo hilo atakwenda nalo moja kwa moja mpaka kwa binamu yake. Hofu ya mumeo ina msingi. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Naye ameuona mguu wa mdogo wake, hahitaji takwimu. Usimwambie "hakuna kitakachotokea", kwa sababu huna uwezo wa kumwahidi hilo, naye anajua kwamba huna.

Mwite aje kwenye ule uwanja. Akuone unavyofanya mazoezi na mtu mzima. Mwache aulize, na apange masharti yake: asubuhi tu, hakuna mvua, hakuna barabara kuu, helmeti mpya. Masharti yakitoka kwake atayasimamia kuliko yakitoka kwako. Huenda hata akataka kukaa nyuma yako yeye mwenyewe kwanza, na akitaka, usimkatalie. Akiona yote hayo na bado akasema hapana, basi subiri. Mtoto ni wenu wawili, na miezi michache haimharibii kitu.

Na kwa kuwa mtoto alisikia ugomvi, asikie na makubaliano. Mkae naye wote wawili mumweleze mlichokubaliana.

Helmeti. Hiyo yako ya zamani imekaa kwa umbo la kichwa chako, na hujui sponji yake ya ndani imebakia na nguvu kiasi gani. Ile sponji ngumu iliyo chini ya kitambaa kazi yake ni kubonyea wakati wa pigo ili kichwa kisilipokee lote, na ikishabonyea hairudi. Helmeti iliyowahi kupigwa inaweza kuonekana nzima kwa nje na ndani haina kitu tena. Mnunulie ya kwake. Mpime kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi, ukizunguka pale kisogo kinapotokeza. Akishaivaa, mashavu yabanwe kidogo, na ukiizungusha kushoto na kulia ngozi ya uso ifuatane nayo. Funga mkanda wa kidevuni, vidole viwili tu vipite chini yake. Kisha simama nyuma yake, ushike ukingo wa chini wa helmeti, uusukume kwenda juu na mbele kana kwamba unataka kumvua. Ikivuka, ni kubwa, irudishe. Mwache akae nayo dakika kumi hapo hapo dukani; akilalamika kwamba kuna mahali pamoja panamuuma kwenye paji, umbo halimfai, jaribu nyingine. Angalia pia alama ya viwango. Ile ya Ulaya iitwayo ECE ni herufi E ndani ya duara, imeshonwa kwenye mkanda wa kidevuni, na helmeti za toleo jipya namba yake huanza na 06.

Najua utajaribiwa kununua kubwa kidogo kwa kuwa bado anakua. Usifanye hivyo. Viatu vya shule unaweza kumnunulia vya kukulia, helmeti haiwezekani, kwa sababu iliyolegea hutoka kichwani wakati ule ule inapohitajika. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo ni ya helmeti iliyobaki kichwani.

Helmeti hailindi mguu, na mumeo ndilo analoliwaza. Mvalishe suruali nzito ndefu, viatu vinavyofunika kifundo, kamba zake zichomekwe ndani, jaketi la mikono mirefu, na glavu. Sitakudanganya kwamba viatu huzuia kila mfupa kuvunjika. Lakini lami inachuna ngozi tupu hata kwa mwendo mdogo, na ekzosi inaunguza shavu la mguu kwa mguso mmoja. Skafu, kamba za kofia ya jaketi na chochote kinachoning'inia kibaki nyumbani, kwa maana cheni na gurudumu viko karibu. Begi mgongoni lisiwepo kwa safari za mwanzo.

Somo lenyewe lianze injini ikiwa imezimwa. Wewe kaa, miguu yote chini, shika breki ya mbele, nyanyua stendi, kisha umpe ruhusa kwa kutikisa kichwa. Bila ruhusa hiyo asipande, na asishuke. Apande kutoka kushoto, maana kwenye pikipiki nyingi ekzosi iko kulia. Watu wengi hukanyaga kikanyagio na kujinyanyua kama wanapanda ngazi, na uzito wote unakuvuta upande mmoja. Mwanao ana miguu mirefu. Mfundishe aupitishe mguu juu ya kiti akiwa bado amesimama chini, akae polepole, ndipo aweke miguu kwenye vikanyagio. Mrudie zoezi hilo mpaka usisikie pikipiki ikitikisika. Akishakaa, miguu yake haishuki tena mpaka umwambie, hata mkisimama kwenye mataa. Vijana warefu hupenda kushusha mguu wakidhani wanakusaidia kushikilia pikipiki. Mweleze wazi kwamba hilo ni jukumu lako, na kwamba mguu wake chini unaweza kukanyagwa au kuikwaza pikipiki.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja, nami nitalitaja. Mvulana wa miaka 14 anaona aibu kumkumbatia mama yake kiunoni mbele za watu. Usimlazimishe na usimcheke, kwani akiona aibu hatashika chochote. Mpe njia: mkono mmoja ushike chuma cha nyuma ya kiti, mwingine ushike mkanda wa jaketi lako au ubavu wako. Ukishika breki, ule mkono wa mbele uwe tayari kusukuma tangi au kukandamiza nyonga yako ili asikulalie mgongoni. Mikono yote miwili ina kazi, kwa hiyo simu inaingia mfuko wenye zipu kabla hajapanda. Atakuomba arekodi video. Jibu ni hapana, na hapo usilegee.

Kwenye kona mwambie atazame juu ya bega lako la upande mnaokatia: kona ya kulia, bega la kulia. Akifanya hivyo tu, mwili wake utainama sawasawa na wewe bila kufikiri. Asijiinamishe kwa nguvu zake, wala asijinyooshe wima kwa woga, kwa sababu akijinyoosha utaisikia pikipiki inakataa kona.

Kubalianeni ishara. Kupiga paja lako mara mbili ni "punguza". Kupigapiga mfululizo ni "simama". Na ukipigiwa ya pili, tafuta mahali salama usimame, hata kama mmetoka dakika moja iliyopita, hata kama unaona hakuna sababu. Usimuulize kwa sauti ya kumlaumu. Kwangu mimi hili ni zito kuliko glavu na jaketi. Siku utakayosimama kwa sababu amekuomba, atajua kwamba abiria ana haki ya kusema basi, na kwamba dereva mzuri husikia.

Mkitoka uwanjani, safari ya kwanza iwe ya robo saa, mitaa mnayoijua, mchana, barabara kavu, halafu mrudi nyumbani. Msiwe na mahali pa kuwahi. Bibi yake atasubiri. Kwa kilomita 80 kwa saa mnakata mita 22 kila sekunde. Kwa 40 ni mita 11. Na mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unaongezeka mara nne, ukiachilia mbali ule unaopotea kabla mkono haujafika kwenye breki. Juu ya hapo weka upepo unaomvuta mtoto nyuma, malori yanayopita karibu na kuwatikisa, shingo isiyozoea kubeba kilo moja na nusu ya helmeti, na uchovu. Abiria anayeanza huchoka haraka kuliko dereva, kwa kuwa mwili wake umekaza muda wote. Akichoka hulegea, na ukimuuliza atakwambia yuko sawa, ndivyo walivyo umri huo. Robo saa, kisha nusu saa siku nyingine, kisha saa moja yenye mapumziko. Kwa bibi mtafika siku ambayo wewe na mumeo mtaona safari za nyuma zilikwenda vizuri.

Unapokuwa naye, endesha huku ukimwambia unachokiona. Kwenye mwendo mdogo mnasikilizana. "Gari lile linataka kutoka, napunguza." "Pale kuna mchanga, siinami." Usipite gari lolote siku hiyo, usipenye katikati ya foleni, na usimwonyeshe kasi hata akikuomba kidogo tu. Chochote utakachofanya siku ya kwanza, yeye atakichukua kuwa ndivyo pikipiki inavyoendeshwa.

Na hapo ndipo naingia kwa mtoto wa dada yako. Hata ukikataa kabisa kumpakia, mwanao yuko kwenye umri ambao atapata wa kumpakia: leo binamu, kesho rafiki wa shuleni mwenye pikipiki ya kaka yake. Huwezi kuwa nyuma ya kila pikipiki. Unachoweza ni kumpa kipimo kabla hao wengine hawajampa cha kwao, na ndiyo maana nimekwambia hukosei. Mtoto aliyezoea kufungwa mkanda wa kidevuni, kusubiri ruhusa ya kupanda, na kusimamishiwa anapoomba, akipanda na mtu anayekimbiza atasikia mwilini kwamba hapa kuna kasoro.

Huyo kijana zungumza naye wewe mwenyewe, ana kwa ana, usipitishe ujumbe kwa dada yako. Mwambie kwa heshima kwamba mdogo wake hapandi pikipiki yake, na kwamba helmeti ya kwenye kiwiko ndiyo sababu. Usimtukane, naye ni mtoto wako. Ila neno lako liwe moja, na lisibadilike siku ya sherehe au siku ya haraka.

Kwa mwanao, mpe namna ya kukataa isiyomwaibisha mbele ya wenzake. Kukataa kwa sababu ya woga ni kugumu kwa mvulana, lakini "helmeti yangu iko nyumbani, mama akijua nimekwisha" ni rahisi kusema. Mruhusu akusingizie wewe kadiri anavyotaka. Mwambie pia kwamba akijikuta mahali popote, saa yoyote, na usafiri pekee uliopo ni wa mtu asiyemwamini, apige simu na wewe au baba yake mtamfuata. Maswali mtauliza asubuhi. Mumeo naye aiseme ahadi hiyo kwa mdomo wake, mtoto akiwa amekaa hapo anasikia.

Shangazi